Imebaki Finishingi Tu

Ukitaka kumwudhi Msasa, mwambie kazi imebaki finishingi tu. Neno lenyewe halina ubaya kwake. Limemlisha tangu usichana. Kinachompandisha mori ni hiyo "tu" inayobandikwa mwishoni, kana kwamba nyumba hujengwa na watu kisha ikajimaliza yenyewe, wenye nyumba wakiwa wamelala. Wenye "tu" anawajua. Ndio haohao ambao siku ya kukabidhi kazi husimama mlangoni wamekunja uso, wakiuliza ni nani aliyeacha kasoro hii.

Jina la Msasa alipewa kazini. Wenye staha husema ni kwa sababu hakosi kipande cha msasa mfukoni mwa aproni, na kila anapopita mkono wake hupapasa: meza, mlango, fremu ya dirisha, hata kiti anachokaribishwa akikalie. Waliowahi kugombana naye husema ni kwa sababu ya ulimi. Wote wana haki yao. Ni mwanamke mfupi, ncha za vidole vyake zimekwisha mistari kwa kusugua, na kazini hana rafiki hata wa dawa. Wala hajamlilia mtu urafiki.

Finishingi ya kwanza aliijua kwa mshonaji. Alikalia mkeka nyuma ya vyerehani, akakata nyuzi zilizoning'inia, akatia vifungo, akapiga pasi, akakunja. Hiyo ndiyo iliyoitwa finishingi, na yeye akaamini kwamba dunia nzima haina nyingine. Mteja akirudi na sare ya mtoto inayobana kwapani, fundi mkataji aliyekibania kitambaa aliinamia mkasi wake kama kiziwi, na mwenye duka akaugeukia mkeka kuuliza ni nani aliyeipitisha nguo hii. Aliyeipitisha alikuwa yeye. Angejibu nini, na pasi bado ilikuwa ya moto mkononi?

Alipochoka akaenda kwenye kiwanda cha uchapaji, akajinadi kwamba finishingi anaijua nje ndani. Msimamizi akamfikisha mbele ya mashine yenye kisu kirefu kama mlango, akamwambia haya, endelea. Msasa akazungusha macho akitafuta sindano. Kumbe huko finishingi ni kukunja karatasi, kupanga kurasa, kupiga pini, kupaka gundi mgongoni mwa kitabu na kukata kingo ziwe sawa. Walimcheka mpaka saa ya chakula. Akajifunza, maana njaa haina aibu, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa akikata kingo vizuri kuliko waliomcheka. Lakini kurasa zikitoka juu chini, kosa la finishingi. Wino ukififia, watu wa finishingi walikuwa wapi wasiuone?

Kwa wajenzi alikuta tena maana nyingine. Kwao finishingi ni kila kitu kinachokuja baada ya paa: plasta, rangi, vigae, vitasa, mabomba yanayoonekana na nyaya zisizoonekana. Kuna watu wameishi katika nyumba iliyofika finishingi mpaka wakapata wajukuu humo. Akashika mwiko, akasawazisha kuta, akala vumbi la saruji. Mwishowe akaangukia kwa maseremala, na huko ndiko alikobaki: kujaza nyufa, kusugua, kupaka vanishi, kusugua tena, kupaka tena. Neno ni moja, kila karakana ina tafsiri yake, na kila karakana inaapa kwamba yake ndiyo halisi. Yeye aliyezipitia zote anajua kwamba kitu kimoja tu hakibadiliki. Mkono wa mwisho ndio unaoulizwa.

Hilo lisingekuwa neno kubwa kama asingekuwa na mdogo wake.

Mdogo wake ni mkandarasi. Ana gari la kubebea mbao, ana simu mbili, ana sauti ya kuitia watu wakiwa ghorofa ya tatu, na ana mama. Mama ni wa wote wawili, bila shaka, lakini ukimsikiliza akizungumza utadhani alizaa mara moja. Anakaa kwa mwanawe wa kiume, anakula kwake, na kila jengo analojenga kijana huyo, mama hupelekwa kulitazama kama bibi harusi. Msasa akifika kumjulia hali, mama humwambia aipanguse miguu.

Ugomvi wao una kabati ndani yake. Miaka ya nyuma mkandarasi alipewa kazi ya jiko la watu, akalitundika kabati kubwa ukutani kwa skrubu fupi, kwa sababu zile ndefu zilikuwa zimesahauliwa kununuliwa. Dada yake hakujua. Yeye aliletewa milango aing'arishe, akaing'arisha, akaondoka. Haukupita muda kabati likashuka na vyombo vyake vyote na kumvunja mwenye nyumba kidole cha mguu. Mkandarasi alisimama katikati ya vipande vya sahani akasema, mbele ya mashahidi, kwamba wa mwisho kuligusa alikuwa dada. Mama akamwita Msasa chumbani, akafunga mlango, akamwambia aombe radhi yaishe, kwa kuwa mwenzake ana watoto na ana jina la kulinda.

Akaomba radhi. Alikwenda kwa watu wa kabati, akasimama mlangoni kwao, akabeba kosa ambalo si lake kama mtu anayebeba mtoto wa jirani aliyejiendea haja. Tangu siku hiyo hakuna fundi aliyemwita kazini, ila mmoja, mdogo wake huyohuyo. Aliyemwaga maji ndiye aliyempa kazi ya kupangusa, tena kwa maombi ya mama, ili ionekane wamepatana. Hawakupatana. Msasa alimchukia mdogo wake kwa bidii ileile anayofanyia kazi, taratibu, kila siku, bila kuacha pembe.

Sasa hii hapa kazi yenyewe. Daktari mmoja, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, alikuwa akijenga kliniki ya kina mama wajawazito. Chini ofisi na vyumba vya kupimia, juu wodi ya kujifungulia, na katikati ngazi ya zege yenye kona moja, iliyotakiwa kuwa na reli ya mbao ya kushikia. Siku ya kufungua ilikuwa imetangazwa. Kazi, alisema mkandarasi, imebaki finishingi tu.

Wakaingia watu wa finishingi wote kwa mpigo, na jengo likageuka uwanja wa vita. Fundi rangi alisema kwake finishingi ni mkono wa mwisho wa rangi, na mkono wa mwisho hautaki vumbi, kwa hiyo Msasa na misasa yake watoke. Msasa akasema vanishi ndiyo isiyotaka vumbi, na vumbi linatoka kwa fundi vigae, basi atoke yeye. Fundi vigae akasema viungo kati ya vigae vyake bado vibichi, havitaki unyayo wa mtu, watoke wote. Mama mmoja wa mapazia akaweka mzigo wake mlangoni na kutangaza kwamba mapazia meupe hayatundikwi kwenye nyumba yenye mtu aliyeshika brashi, na kwamba kwa akili ya kawaida finishingi ni pazia. Walitukanana mpaka mlinzi wa nje akaja kuona kama kuna mtu amekufa.

Mkandarasi akaukata ugomvi kwa sheria. Fundi atakayekuwa wa mwisho kutoka, alisema, ndiye atakayesimama naye mbele ya daktari siku ya kukabidhi funguo, na kasoro yoyote itakayoonekana atajibu yeye. Ungewaona. Waliokuwa wakigombania mwisho walianza kuukimbia. Fundi vigae akasema viungo vimekauka. Fundi rangi akavumbua kwamba ukuta mmoja hauhitaji mkono wa pili. Mama wa mapazia akatundika mapazia yake huku rangi ikiwa bado mbichi, moja likalamba ukuta, akaligeuza upande wa doa likaangalia dirishani, akaaga. Ikabaki ngazi. Mbao za reli zilikuwa zimechelewa, seremala aliyezifunga alizifunga mbio mbio na kuondoka, na wa mwisho, kama ilivyoandikwa katika maisha yake, akawa Msasa.

Alianza chini, akapanda akisugua. Nguzo za chini zilikuwa imara. Kwenye kona ya juu, pale ambapo mtu anayepanda hugeuka na kutafuta pa kushika, alipitisha kiganja kwenye nguzo, na nguzo ikajibu. Ilicheza kidogo sana, kama jino la mtoto. Akapiga magoti. Shina la nguzo lilikuwa limezungushiwa unga wa mbao uliokandwa kwa gundi, na chini yake hapakuwa na bolti. Palikuwa na misumari ya kutundikia picha. Chini ya nguzo hiyo palikuwa wazi mpaka kwenye vigae vya mapokezi.

Akamwita mdogo wake. Alipanda akiwa na simu sikioni, akaizima.

"Nguzo ya juu haina bolti," Msasa akamwambia.

"Ina gundi. Gundi ile ni kali kuliko bolti."

"Nimeitikisa, inacheza."

"Basi usiitikise. Jaza, sugua, paka vanishi, nenda nyumbani. Imebaki finishingi tu, dada."

Hata leo Msasa hajui alivyojizuia asimtupie kopo. Alimwambia kwamba hii ni ngazi ya wenye mimba, na mwanamke mwenye uchungu haegemei kwa adabu. Mkandarasi akasema bolti zitafika baada ya kufungua. Akamwuliza zitafungwa wapi, ndani ya vanishi yake? Hapo ndipo mdogo mtu alipoteremsha sauti, na Msasa anamjua mdogo wake: akiteremsha sauti, ujue ameshaamua nani atakayeumia.

"Nenda kamwambie daktari," alisema. "Atauliza ni nani wa mwisho kushika. Na mimi nitamsimulia la kabati. Tuone atamwamini nani."

Msasa alibaki kwenye kona ile na nyundo yake. Pigo moja lingetosha kuiangusha. Lakini aliuona mtego wote, maana alikuwa ameshanaswa nao mara moja. Akiipaka, kosa ni lake. Akiivunja, ameivunja yeye, kwa wivu, kila mtu anajua wanavyochukiana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, lakini hawakusema kitu juu ya mtu ambaye kazi yake ni kuziba nyufa za wenzake mpaka ukuta mbovu ukasifiwa. Sifa zote za mdogo wake zilikuwa zimepakwa kwa mkono huu. Akakusanya misasa yake, akaiacha nguzo kama ilivyo, na akatoka akiwa ameazimia kurudi asubuhi amwambie daktari, aaminiwe asiaminiwe.

Asubuhi aliikuta reli inang'aa. Mkandarasi alikuwa amemrudisha fundi rangi jioni ileile, akaijaza na kuipaka yote, na hewa ya joto ikaikausha barabara. Kwa macho haikuwa na neno. Msasa akaketi kwenye ngazi ya kwanza akiwa na aproni yake kumngoja daktari. Fundi vigae, aliyeitwa kurudishia kigae kimoja kilichopasuka mapokezi, alimpa salamu ya mbali na kuendelea na kazi yake.

Gari likaja. Akashuka mkandarasi na mama, na mama alikuwa amevaa nguo zake za kutokea. Alimtazama binti yake pale chini, akamwuliza kama hana nguo nyingine siku kubwa kama hii. Msasa akamwamkia, akaitikiwa. Daktari naye akafika, mkandarasi akamwendea kwa mikono miwili na kicheko, wakaanza kusalimiana, na funguo zikaanza kulia mkononi mwake.

Mama hakungoja. Alisema anakwenda kuona alichojenga mwanawe. Magoti yake hayakuwa mazuri, na alipanda akihema, akiweka miguu yote miwili kwenye kila ngazi, mkono mmoja ukiwa umeshika gauni. Reli ya chini hakuihitaji, aliushika ukuta. Lakini ukuta unaishia kwenye kona, na hapo mtu anayepanda hugeuka.

Msasa alimwona. Alikuwa na pumzi ya kutosha, na neno lilikuwa fupi. Hakulisema. Aligeuka, akamtazama mdogo wake.

Mdogo wake naye alikuwa amemwona mama. Kicheko kilikuwa bado mdomoni lakini kimekwisha maana, na macho yake yakaenda kwa dada, yakamwomba. Msasa aliyaelewa. Sema wewe, yalisema. Ukisema wewe nitacheka, nitamwambia daktari dada ana maneno, na mama atashuka salama. Sema. Msasa akafunga mdomo. Sema wewe, alimjibu kwa macho yaleyale. Juu yao mama alifika kwenye kona, akashusha pumzi, akanyoosha mkono kuelekea nguzo ili autue mwili wake wote.

"Mama, usishike hapo!"

Ilikuwa sauti ya ghorofa ya tatu. Funguo zilianguka. Mkono wa mama ukasimama hewani, kidogo tu kabla ya mbao. Fundi vigae akainua kichwa.

"Kwa nini asishike?" daktari akauliza.

"Vanishi," mkandarasi akasema. "Vanishi bado mbichi. Isimharibie nguo."

Daktari alikuwa amesimama karibu na reli ya chini. Akaweka kiganja juu yake, akakisukuma, akakigeuza na kukitazama. Kilikuwa kikavu na kisafi. Akapanda ngazi, akampita mama kwa upole na kumsogeza ukutani, akaweka kisigino kwenye shina la nguzo na kusukuma. Haikuhitaji nguvu ya mwanamume. Nguzo ikang'oka na unga wake wa mbao, ikaburuta reli ya juu nzima, vikashuka pamoja mpaka mapokezi na kuvunja vigae ambavyo fundi wake alikuwa amevipangusa punde. Fundi vigae akaruka pembeni, akatukana kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Maneno ya daktari kwa mkandarasi yalikuwa machache. Alimwambia atoke, na asirudi ila kuchukua vifaa vyake, na kwamba hatapata mtu wa kumjengea hata banda la kuku katika watu anaowajua yeye. Mkandarasi alianza kusema habari ya mkono wa mwisho. Alianza, akamtazama fundi vigae, akaitazama ngazi, akaacha. Wote walikuwa wamemsikia. Mtu anayepiga kelele usishike ni mtu aliyejua.

Basi Msasa alikuwa ameshinda. Alisubiri utamu wake ufike. Miaka yote hiyo, mkeka wa mshonaji, kurasa za juu chini, mlango wa watu wa kabati, na sasa mtu mwingine amesimama katikati ya vipande na hana wa kumsukumia. Akainua uso kumtazama mama, maana kwa kweli ni macho ya mama aliyoyataka, si ya daktari.

Mama alikuwa amebana mgongo ukutani, kando ya upenyo uliobaki, mkono kifuani. Hakuwa akimtazama mwanawe. Alikuwa akimtazama yeye.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Uliniona napanda."

"Nilikuona."

Mama akangoja. Alingoja kwa utulivu, kama mtu aliyemwuliza mtoto swali jepesi na kumpa nafasi ya kujibu vizuri. Msasa angeweza kusema alikuwa na hakika kwamba kijana atapiga kelele. Lakini hakuwa na hakika. Alikuwa amempima mdogo wake kwa mwili wa mama, na pale kwenye ngazi ya kwanza, mkono wa mama ulipokuwa ukinyooka, alikuwa bado hajui mzani utaanguka upande gani. Alitaka kuona.

Alipanda haraka kumshika. Mama akautoa mkono wake kwenye njia ya mkono ule, akaanza kushuka mwenyewe, bega likiburuta kwenye rangi mpya, miguu yote miwili kwenye kila ngazi. Chini mkandarasi naye akanyoosha mkono. Mama akapita katikati ya wanawe bila kumgusa yeyote, akamfikia fundi vigae, mtu baki ambaye hata jina lake hakulijua, akamwomba amsindikize nyumbani.